Sifa za Arudhi, na Maziko ya Sir John Moore

Katika fani zote zinazolitumikia neno la mwanadamu, hapana iliyodhulumiwa kwa dhana mbaya kama fani ya kupima mashairi. Mtu akiketi na shairi la msiba mbele yake, akahesabu mizani yake, akafuatisha vina vyake, akauliza kwa nini mshororo huu umerefuka na ule umekatwa mapema, wenziwe humwona kama mtu aliyekwenda matangani akawa anahesabu sahani badala ya kuwapa wafiwa mkono. Husema kuwa huzuni haina haja ya hesabu, na kwamba shairi likishaupasua moyo wa msomaji limetimiza kazi yake, wala hapana faida ya kulipasua nalo. Mimi ni mwenye rai nyingine. Naiona arudhi kuwa ni adabu mbele ya shairi, namna ya kukaa nalo muda mrefu kuliko ule ambao jicho lenye haraka lingeridhika kukaa. Na nadhani katika mashairi ya maziko ndimo fadhila yake inamodhihirika zaidi, kwa kuwa huzuni iliyo juu ya maneno kila mtu huiona, ilhali mkono ulioipanga hauonekani ila kwa yule anayepima.

Ili nisiisifu fani hii kwa maneno matupu nimelichagua shairi moja na nitalipima mbele ya msomaji. Ni shairi la Kiingereza, nalo ni lile la Charles Wolfe juu ya maziko ya Jenerali Sir John Moore huko Corunna, katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Hispania. Nimelipendelea kwa sababu halikutungwa kwa sheria zetu, na kipimo huonyesha thamani yake kinapowekwa juu ya kitu ambacho hakikufinyangwa kwa ajili yake. Na nimelipendelea pia kwa sababu ni shairi la maziko ya upweke kwa ukamilifu wake: mtu mkubwa, kaburi la haraka, watu wachache, nchi ya ugeni, na adui karibu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1808 kuingia 1809 jeshi la Waingereza, likiwa chini ya Moore, lilikuwa likirudi nyuma kupitia milima ya Galicia, likifuatwa na majeshi ya Wafaransa yaliyoongozwa na Jemadari Soult, na tumaini lake lote lilikuwa ni kufika bandarini Corunna na kupanda merikebu. Tarehe 16 Januari 1809 ilibidi jeshi hilo ligeuke na kupigana nje ya mji ili njia ya bahari isifungwe. Vita vile waliviweza, lakini Moore, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1761, alipigwa na tufe la mzinga, akafariki jioni ile ile. Wenziwe walikuwa wakijiandaa kuondoka. Hapakuwa na fursa ya jeneza wala ya gwaride. Wakamzika penye boma la mji, hali amefunikwa joho lake la kijeshi, kisha wakaenda zao baharini.

Wolfe hakuwapo. Alikuwa kijana wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1791, naye alisoma katika chuo cha Trinity, Dublin. Habari za maziko yale alizisoma miaka kadhaa baadaye katika kitabu cha matukio ya mwaka kilichotolewa Edinburgh, na kutokana na habari hiyo ya nathari akatunga beti 8, ambazo zilichapishwa mwaka 1817 katika gazeti la mji mdogo wa Newry, chini ya herufi mbili tu za jina lake. Mwaka ule ule akawa kasisi, akatumikia mitaa ya shamba huko Tyrone, akashikwa na kifua kikuu, akafa mwaka 1823 akiwa na umri wa miaka 31. Mwaka uliofuata Thomas Medwin alichapisha mazungumzo yake na Lord Byron, na humo watu wakasoma jinsi Byron alivyolitukuza shairi lile na kuliweka mbele ya mashairi mengi ya watu mashuhuri. Mwenye kusifiwa alikwisha kuingia kaburini.

Sasa tulipime. Beti ni 8, kila ubeti una mishororo 4, jumla 32. Vina vinapishana: mwanzo unaitikiwa na mleo, na mloto unaitikiwa na kituo. Hata hapa sikio la Mswahili haligutuki. Linagutuka linapofika kwenye mizani. Sisi tumezoea kuwa mshororo wa shairi una mizani 16, 8 katika ukwapi na 8 katika utao, na kipande cha utenzi kina mizani 8, na mtunzi anayepunguza au kuzidisha hata moja husahihishwa na wasikilizaji kabla hajaketi. Ubeti wa kwanza wa Wolfe unakwenda 11, 10, 10, 10. Wa pili unakwenda 10, 9, 9, 8. Na katika shairi zima mishororo ya mwanzo na mleo inatembea baina ya 8 na 12, na ile ya mloto na kituo baina ya 8 na 10. Kwa sheria ya kwetu hilo ni guni, na malenga wa Mvita au wa Lamu angekuwa na haki ya kulirudisha kwa mwenyewe.

Lakini kila lugha ina mizani yake, na mizani ya Kiingereza haihesabu silabi zote kwa usawa. Inahesabu mikazo, yaani silabi zile zinazopigwa kwa nguvu, na silabi dhaifu zilizo baina yao huruhusiwa kuongezeka au kupungua kama maji ya bandarini. Ukipima kwa kipimo hicho, shairi linanyooka mara moja: mwanzo na mleo una mikazo 4, mloto na kituo una mikazo 3, na mpango huo unashikwa tangu ubeti wa kwanza hadi wa nane. Wengi wanaofundisha shairi hili huishia hapo. Wamekwisha kupata jina la bahari yake, wakaliandika ubaoni, wakaendelea na mengine. Nami nasema kwamba hapo ndipo kazi inapoanza, na kwamba kipimo chetu sisi, kile kilicholiita shairi hili guni, ndicho kitakachotufunulia siri ambayo kipimo cha wenyewe kinaifunika.

Tuutazame ubeti wa nne. Huo ndio ubeti wa sala na wa kumtazama maiti. Mshororo wake wa kwanza waeleza kuwa dua zilizosomwa zilikuwa chache na fupi. Mshororo wa tatu waeleza kuwa waliokuwapo waliukazia macho uso wa marehemu bila ya kuyaondosha. Kwa kipimo cha Kiingereza mishororo hiyo miwili ni sawa kabisa: mikazo 4 huku, mikazo 4 kule. Hesabu sasa kwa kipimo cha Kiswahili. Mshororo wa sala una silabi 8 tu, kwa matamshi ya kawaida, na katika mishororo yote 16 iliyo ya mwanzo na mleo katika shairi hili hapana mwingine mfupi kama huo. Mshororo wa kutazama una silabi 12, na hapana mwingine ulioupita. Yaani mtunzi aliposema dua ni fupi aliifupisha kauli yenyewe, na aliposema macho yalikawia aliikawiza kauli, na yote hayo aliyafanya ndani ya ubeti mmoja, pasipo kuuvunja mpango wa mikazo hata kidogo, hata msomaji akapata kuona ufinyu wa wakati na uzito wa kuagana bila ya kujua amevipata kwa njia gani. Je, aliyafanya kwa makusudi? Sina haja ya kuingia moyoni mwa marehemu. Sikio lililofunzwa hufanya mambo mengi ambayo mwenye sikio hakuyaandalia hoja, na ndiyo maana ya kufunzwa.

Ziko silabi 12 mahali pengine pamoja tu katika shairi zima, nako ni mshororo wa tatu wa ubeti unaofuata, ambapo wachimba kaburi wanawaza kuwa adui na mgeni watakuja kukanyaga juu ya kichwa cha mtu wao. Huku macho yanakawia juu ya uso, huku nyayo zinapita juu ya kichwa. Mishororo miwili iliyo mirefu kupita yote, katika beti mbili zinazofuatana, katika nafasi ile ile ya mleo, na kila mmoja una silabi mbili dhaifu kabla ya kila mkazo, kama mwendo wa askari wengi wakipita kwa hatua moja. Katika mshororo wa pili kati ya hiyo kitendo cha kukanyaga kina kina kimoja na kichwa kinachokanyagwa, vyote viwili ndani ya mshororo mmoja. Sisi tungesema ukwapi na utao vimepatana. Hapa upatano wenyewe ndio unaoumiza.

Na mwendo huo, wa silabi mbili dhaifu zikifuatwa na mkazo, una jambo lake. Washairi wa Kiingereza aghalabu huutumia kwa mbio na kwa furaha. Byron aliutumia mwaka 1815 katika shairi lake la kuangamizwa kwa jeshi la Senakeribu, na humo farasi wanasikika wakija. Mtu angeniuliza kabla ya kulisoma shairi la Wolfe kama mwendo wa farasi wafaa maziko, ningemjibu kwamba haufai. Ningemwelekeza kwenye mwendo mzito, wa hatua moja moja, kama ule wa watu walio chini ya jeneza. Lakini maziko haya hayakuwa ya kuchukuana polepole. Yalikuwa ya haraka, na wale waliozika walikuwa na saa inayowasubiri na merikebu inayowasubiri. Wolfe alichukua mwendo wa haraka akautia majonzi, na kwa kuwa kila mshororo wa pili na wa nne una mikazo mitatu badala ya minne, haraka ile inakatwa kila mara kabla ya kufika mahali ilipotarajiwa kufika. Msomaji anakimbia na anazuiliwa. Hiyo ndiyo hali ya mtu mwenye wajibu mbili zinazomvuta, wa kumheshimu maiti na wa kuokoa walio hai, na sijui maelezo gani ya nathari yangeieleza vyema kuliko upungufu huo wa mkazo mmoja.

Nikaribie vina, kwani ndivyo vinavyonipendeza kupita yote. Mishororo ya mloto na kituo katika beti zote 8 inamalizika kwa silabi dhaifu iliyotanguliwa na mkazo. Kwa Kiingereza huo ni mwisho wa hiari, na watunzi wengi huukimbia kwa kuwa ni mgumu kuushika kwa muda mrefu. Kwa Kiswahili ndio mwisho wa maneno yetu yote, maana mkazo wetu hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na kila neno letu hushuka kidogo linapofika ukingoni. Kwa sababu hiyo Mswahili akilisikia shairi hili likisomwa hupata katika nusu ya mishororo yake mteremko anaoujua tangu utotoni, na katika nusu nyingine hupata pigo gumu, la neno linalokatika juu ya mkazo. Pigo, mteremko, pigo, mteremko: mishororo inayopiga ndiyo aghalabu inayosema mambo yaliyotendeka, na inayoteremka ndiyo inayobeba huzuni ya mambo hayo. Sisemi kuwa kanuni hii haivunjiki. Inavunjika mara mbili tatu, nalo shairi halipungukiwi kitu.

Mpimaji mwaminifu hana budi kuonyesha pia kasoro. Vina vya ubeti wa kwanza ni dhaifu: mwanzo na mleo havipatani vilivyo, na hata mloto na kituo hupatana kwa jicho kuliko kwa sikio. Kisha beti za katikati vina vyake vinakuwa imara, hata ubeti wa nne na wa tano zinashirikiana kina kimoja katika mwanzo na mleo, na maneno manne yanayokibeba kina hicho, ukiyapanga peke yake, ni kusema, kufa, kitanda na kichwa, yaani maziko yote kwa mukhtasari. Ukifika ubeti wa mwisho udhaifu unarudi. Neno la mwisho la mwanzo laeleza kulazwa chini, neno la mwisho la mleo ni jiwe, na sauti zao hazikutani. Kwa sheria kali hii ni kasoro, wala siitetei kwa kusema kuwa ni uzuri. Lakini sikiliza kinachofuata. Neno la jiwe, lililokosa mwenziwe mahali pake pa haki, linampata mwenziwe katikati ya mshororo wa mwisho, katika neno la upweke. Kina kilichokosekana mwishoni kimepatikana kati. Watunzi wa Kiingereza hawakufunzwa kina cha kati kama sharti. Kwetu sisi shairi bila ya hicho si shairi. Basi katika mshororo ule wa mwisho wa shairi la kigeni pametokea jambo ambalo Mswahili hulijua kwa jina, nalo limeliunganisha jiwe ambalo halikusimamishwa na mtu aliyeachwa peke yake.

Haya yote yangekuwa ni ufundi wa fundi tu lau hayangeitumikia hali ya moyo ambayo shairi zima limeikusudia. Hali hiyo imejengwa juu ya ukanushi. Shairi linaanza kwa kukana: hapakuwa na ngoma, hapakuwa na sauti ya msiba, hapakuwa na askari aliyepiga risasi ya kuaga. Ubeti wa tatu unakana jeneza na sanda. Wa nne unakana maneno ya huzuni. Wa nane unakana mwandiko na jiwe. Msomaji anaoneshwa maziko makubwa, yenye heshima zote za jenerali, kwa njia ya kuambiwa moja baada ya moja kuwa heshima hizo hazikuwapo, na kila kinachokanwa hubaki akilini kana kwamba kimeletwa kisha kikaondolewa mbele ya macho yake. Ufundi huu wataalamu wa balagha wanaujua zamani. Ugumu wake ni kujua pa kuuacha, na Wolfe aliuacha katika beti za kati, pale ambapo mawazo ya wazikaji yanageukia kesho, na kaburi, na maneno ya watu, akaurudia mwishoni alipokuwa hana kingine cha kusema.

Hapa msomaji wa pwani yetu hukuta jambo ambalo msomaji wa London hatalikuta. Kwake yeye, aliyekulia katika mila ya Kiislamu, kuzikwa bila ya jeneza si ufukara wala aibu. Maiti wetu hubebwa katika jeneza na hutolewa humo akalazwa mchangani, katika mwanandani, na haraka ya kuzika ni suna iliyosisitizwa, si dharura ya vita. Na mtu aliyeuawa katika medani ya jihadi, kwa kauli ya fukaha wengi, huzikwa na nguo zile alizofia, kwa kuwa nguo hizo ni shahada yake. Kwa hiyo vitu ambavyo Wolfe anavihesabu kuwa ni upungufu, baadhi yake kwetu ni desturi, na joho lile juu ya mwili wa askari laweza kusomwa na Mswahili kuwa ni utukufu ulio wazi. Je, shairi limempotea? Halikumpotea. Linamgusa mahali pengine: pale pa dua chache, na pale pa kaburi litakalobaki nyuma bila ya mtu wa kulizuru, katika mava ya watu wengine. Msomaji wa kila mila huleta orodha yake ya vitu ambavyo maiti hastahili kukoseshwa, na shairi la maziko hulia kwa sauti tofauti kidogo katika kila nyumba.

Na kuna jambo ambalo limekosekana pasipo kukanwa. Mtunzi huyu, aliyekuwa njiani kuwa kasisi, hakumtaja Mungu hata mara moja. Hakutaja pepo, wala kufufuliwa, wala malipo. Linganisha na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Pate katika miaka isiyokuwa mbali na ile ya Wolfe, mwanzo wa karne ya 19. Humo pia mna makaburi na watu wakubwa walioachwa, na majumba yaliyokuwa na taa sasa yamekaliwa na ndege; lakini Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonya, na kila kaburi ni waadhi. Mishororo yake ya mizani 10, iliyogawika 6 na 4, inarudi kwenye kina kimoja mwishoni mwa kila ubeti, tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo, kama hukumu isiyobadilika. Nayo ni hukumu kweli. Wolfe hana hukumu. Vina vyake vinabadilika kila ubeti, na anayesema ni kundi la watu wasiojua yatakayokuja, wanaosema „sisi“ tangu mwanzo hadi mwisho, wasiokuwa na nafasi ya kuwaidhi wala kuwaidhiwa. Ni tungo mbili za mauti zilizo bora kila moja katika njia yake, na aliye na mazoea ya kupima atajua kwa kina cha mwisho peke yake ni ipi inayofundisha na ni ipi inayoomboleza.

Nimesema kuwa Wolfe alitunga kutokana na habari iliyoandikwa. Habari hiyo yasema kuwa mwili ulipelekwa ngomeni usiku, lakini kaburi lilifukiwa asubuhi: milio ya silaha iliposikika upya, maofisa waliokuwapo walihofu kuitwa vitani kabla ya kumtimizia mkuu wao haki yake, wakaona heri wamalize. Wolfe ameyafanya yote kuwa ya usiku wa manane, akaleta mbalamwezi hafifu inayopigana na ukungu, na fanusi inayowaka kwa unyonge. Wapo waliomlaumu kwa hili. Kama angekuwa anaandika tarikh, lawama ingemstahili. Lakini aliandika shairi, na lawama hiyo nami siikubali. Mizinga ya adui aliiacha, saa ya kuondoka aliiweka, joho aliliacha, boma aliliacha. Alichobadilisha ni mwanga. Katika mwanga wa asubuhi watu hutazamana, na huzuni huwa ya mkutano. Gizani kila mmoja huwa na maiti wake peke yake, hata akiwa bega kwa bega na mwenziwe, na kauli ile ya „sisi“ hupata upweke ambao mchana usingeipa. Usiku huo ni sehemu ya arudhi ya shairi hili kama vile ilivyo mikazo yake.

Leo kaburi la Moore lina jiwe, tena jiwe kubwa, katika bustani ya San Carlos ndani ya mji mkongwe wa La Coruña, na beti za Wolfe zimechongwa hapo zisomwe na wapitao. Kando yake ziko beti za Rosalía de Castro, mshairi wa kike wa Galicia, ambaye katika diwani yake ya mwaka 1880 aliliombolezea kaburi hilo kwa lugha ya nchi yenyewe. Yule aliyehofiwa kuwa atakanyagwa na mgeni ameliliwa na binti wa nchi ile, na kazi hiyo imefanywa kwa vina.

Kwetu sisi fani hii ina vitabu na ina walimu. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliitolea sheria zake kwa maandishi mwaka 1954, akazichapisha pamoja na diwani yake mwenyewe katika jalada moja, hata mwanafunzi akapata kanuni na mfano kwa pamoja. Na kabla yake na baada yake walikuwapo malenga wasioandika kanuni yoyote lakini wanaosimamisha wimbo katikati kwa sababu mizani moja imepungua. Urithi huo unafundishwa sasa katika madarasa mengi kwa kutaja majina tu: hii ni tarbia, hii ni takhmisa, vina ni hivi, mizani ni hizi, na karatasi ya mtihani inakusanywa. Mwanafunzi hupata alama zake akaondoka pasipo kuulizwa kwa nini mtunzi alifupisha hapa na kurefusha pale. Nawasihi walimu wamuulize. Mpeni shairi la msiba, alisome kwa sauti hata alijue kwa ghibu, kisha ahesabu kwa vidole, na asiruhusiwe kuiandika idadi yoyote mpaka aeleze mshororo huo mfupi unafanya kazi gani mahali ulipo. Na asianze na Wolfe. Aanze na ubeti wa kwanza wa Al-Inkishafi.